Septrin na Bactrim ni dawa moja: neno juu ya usalama wa mgonjwa

Mumeniomba niseme juu ya odinatere, kama tununue kwa kituo cha afya ao hapana. Nitaanza na profesa mmoja, juu kazi yake ya maisha inagusa swali hilo.

Anaitwa David Bates, munganga wa Boston, kule Marekani, anafundisha Harvard. Wengine wanatafuta dawa mpya. Yeye alichagua kuhesabu namna dawa zinaumiza watu ndani ya hospitali. Mwaka 1995, pamoja na Lucian Leape na wenzao, walitoa hesabu ya hospitali mbili: kwa kila wagonjwa 100 waliolazwa, madhara ya dawa yalikuwa 6 na nusu. Zaidi ya robo yangeweza kuzuiwa. Na katika hayo ya kuzuiwa, zaidi ya nusu ya makosa yalifanyika wakati wa kuandika dawa, si wakati wa kuitoa. Huku kwetu tunazoea kugombeza infirmie tu!

Wakaweka mashini: munganga anaandika dawa ndani ya odinatere, nayo inamwonyesha kipimo. Mwaka 1998 walionyesha kwamba makosa makubwa yamepungua kwa 55 kwa mia.

Basi tununue? Ngojeni kwanza. Mwaka 2005 waganga wa hospitali ya watoto ya Pittsburgh walitangaza jambo zito. Kati ya watoto waliohamishiwa kwao toka hospitali zingine, vifo vilipanda kutoka 2.8 mpaka karibu 6.6 kwa mia baada ya kuweka mashini ya namna hiyo. Sababu moja waliyotaja: zamani dawa ziliandikwa mtoto akiwa bado njiani, sasa ilibidi kwanza afike na aandikishwe. Kule Seattle waliweka programu ileile, wakajipanga vingine, vifo havikupanda.

Mtoto mwenye anatoka pengine, mashini haimjui. Ndugu, huyo njo sisi.

Fikirini mama aliyerudi toka Uganda. Kule aliambiwa mwili wake unakataa Septrin. Huku infirmie anamwandikia Bactrim. Ni dawa moja, ko-trimoksazoli, yenye majina mawili! Odinatere itamkinga namna gani kama hakuna aliyeandika kitu ndani? Karatasi yake ya kambini ni ya Kiingereza, infirmie amesoma Kifaransa, ao karatasi ililowa mvua njiani. Mwingine anameza dawa za kifua kikuu, miezi 6, amefika wa 4, hana cha kuonyesha. Tena kuna watoto: wa kilo 14 anameza kibao 1 cha Coartem kila mara, wa kilo 15 anameza 2. Hiyo kilo moja huwezi kuikisia kwa macho.

Kwa hiyo, na wafadhili wanisamehe, najua picha ya odinatere ni nzuri kwa ripoti: naomba pesa ya kwanza iende kwa mizani ya watoto na daftari la kupokea waliorudi. Tuulize dawa gani mwili ulikataa, dawa gani unameza sasa na toka lini, mtoto ana kilo ngapi leo. Jina la dawa liandikwe lile la kimataifa, si lile kubwa la kwenye boksi. Odinatere ikija baadaye itakuta kitu cha kuingiza. Habari ya umeme mnaijua wenyewe.

Na kosa likitokea, liandikwe bila jina la infirmie. Siku komite italitumia kwa kukata mshahara wa mtu, hakuna atakayeandika tena.

Wenye karatasi za kambini, hata zilizopasuka, muzilete kwa sekretere. Tuko na vijana wawili wanaosoma Kiingereza na Kifaransa. Watazinakili bure, na karatasi yako unarudishiwa palepale.