Miti Inapogeuka Rangi: Somo la Kupiga Picha

 Chukueni daftari zenu mkae tayari.

Somo letu la leo ni juu ya picha za miti ya nchi za baridi, wakati majani yake yanapogeuka rangi. Bila shaka wengi wenu mmeziona picha hizo katika kalenda za ukutani. Mlima mzima umekuwa mwekundu na wa manjano, kama khanga zilizoanikwa. Watu huuliza: Je, ni kweli, au mtu amepaka rangi? Tutalijibu swali hilo kwa kujifunza jinsi picha ya namna hiyo inavyopigwa. Ajuaye jinsi kitu kinavyotengenezwa hadanganyiki upesi.

Kwanza, tuyajue majani yenyewe. Majira haya huja baada ya miezi ya joto, kabla ya baridi kali. Vitabu vingine huyaita vuli, lakini msiyachanganye na vuli yetu, yaani mvua za mwisho wa mwaka. Katika jimbo la Vermont, huko Marekani, majani hugeuka tangu mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba hivi.

Ndani ya jani la kijani mna kitu kiitwacho umbijani. Hicho ndicho kinachousaidia mti kupika chakula chake kwa nguvu za jua. Siku zinapokuwa fupi, mti huacha kutengeneza umbijani. Kijani kinapotoweka, rangi ya manjano iliyokuwa imefichika huonekana. Rangi hiyo ni jamaa ya ile iliyomo katika karoti. Lakini nyekundu hutengenezwa upya ndani ya jani, kutokana na sukari iliyobaki humo. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huifanya ikolee. Ninyi mlio pwani mnao mfano karibu: mkungu nao huvaa wekundu kabla ya kuangusha majani yake. Basi, jibu letu la kwanza ni hili: rangi hizo zipo kweli.

Pili, tutazame mizani ya rangi. Chukua karatasi nyeupe, uitazame juani, kisha uitazame usiku kwa taa. Mara zote mbili utasema ni nyeupe, maana macho yako yamezoea kusahihisha. Lakini mwanga wenyewe umebadilika. Wataalamu huipima rangi ya mwanga kwa kipimo kiitwacho Kelvin. Balbu ya waya hutoa mwanga wa kama 2,800, nao una manjano mengi. Jua la mchana ni kama 5,500. Kivulini, chini ya anga ya buluu, hufika 7,000 au zaidi, na mwanga huo una ubuluu.

Kamera za siku hizi, hata zile za simu, hujaribu kusahihisha zenyewe. Hapo ndipo penye hatari. Kamera ikielekezwa kwenye msitu wa manjano mtupu, yaweza kudhani kwamba mwanga ndio wa manjano. Basi hutia buluu ili kusawazisha. Msitu uliokuwa ukiwaka hutoka kama umenyunyiziwa majivu. Ni kama mpishi aonjaye asali, akadhani sukari imezidi, akaongeza maji.

Dawa yake si ngumu. Iondoe kamera katika kujipimia yenyewe. Juani, weka alama ya jua. Siku ya mawingu, weka alama ya wingu. Kivulini, weka alama ya kivuli. Kisha shika karatasi nyeupe penye mwanga ule ule, uipige picha pia. Karatasi ikitoka ya buluu, picha imepoa mno. Ikitoka ya manjano, imepata joto mno. Sahihisha kidogo kidogo, rangi moja moja.

Tatu, uondoe mng'ao. Jani lina ngozi laini, na jua likilipiga hung'aa kama bati jipya. Mng'ao huo huifunika rangi. Wapiga picha hutumia kioo maalum kinachozungushwa mbele ya lenzi mpaka mng'ao upungue. Asiye na kioo hicho achague siku ya mawingu. Au asimame mahali ambapo jua liko nyuma ya majani. Mwanga ukipita ndani ya jani, jani huwa kama chemni ya taa, hata mishipa yake huonekana.

Nne, tuupange uwanja wa picha. Wazee walisema: mshika mawili, moja humponyoka. Anayetaka mlima, mto, nyumba, njia na miti mia katika picha moja, hupata fujo. Chagua mti mmoja uwe bwana wa picha, na vingine vyote viwe watumishi wake. Ugawe uwanja mafungu matatu kwa mapana na matatu kwa marefu, kisha uuweke mti huo penye mstari mmojawapo, badala ya katikati kabisa. Anga nyeupe ipunguze au iache nje, kwa sababu jicho hukimbilia penye weupe kwanza. Tazama pembe zote nne kabla ya kubonyeza. Na usiogope kuacha kijani kidogo au shina jeusi, maana nyekundu huonekana vizuri zaidi ikiwa karibu na kijani.

Mmarekani mmoja aitwaye Eliot Porter, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1990, alionyesha njia hiyo. Alisomea udaktari, kisha akashika kazi ya kamera. Wakati ule wapiga picha wengi mashuhuri wa mandhari walitumia nyeusi na nyeupe. Yeye alichagua rangi. Mara nyingi aliiacha anga yote, akapiga kipande kidogo tu cha msitu: majani machache, gome, jiwe lenye maji. Alichapa picha zake kwa wino wa rangi tatu, uliopigwa tabaka juu ya tabaka, naye aliweza kuongeza au kupunguza kila rangi peke yake. Mwaka 1962 chama cha Sierra Club kilitoa kitabu chake cha picha za rangi.

Tano, na hili ndilo kubwa. Simu na kompyuta zina kitufe cha kukoleza rangi, na kidole hupenda kukisukuma. Dalili za kuzidisha ni hizi: mishipa ya majani imepotea, magome yamekuwa na rangi ya chungwa, na mawingu si meupe tena. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Mtu wa Vermont akiona picha iliyozidishwa atacheka, kwa kuwa anaujua msitu wake. Wewe uliye mbali huna cha kulinganisha, nawe utaamini. Na sisi pia tunatazamwa kutoka mbali. Katika miombo ya Tabora na Katavi, mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miti mingi huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu na ya shaba. Kule Vermont wekundu ni wa jani linalokufa. Kwetu ni wa jani linalozaliwa. Mgeni atakayeona picha yako hataujua ukweli huo usipomwonyesha rangi jinsi zilivyo, na usipoandika maneno mawili matatu chini yake. Mpiga picha ni shahidi, na ushahidi hautiwi chumvi.

Sasa fanyeni zoezi. Chagueni mti mmoja karibu na darasa lenu. Mpigeni picha asubuhi, adhuhuri na jioni, mkiwa mmesimama mahali pale pale. Asiye na kamera akate dirisha katika kipande cha boksi, autazame mti kwa hilo dirisha, kisha aandike anachokiona. Chini ya kila picha andikeni jina la mti, saa, na hali ya anga. Halafu jadilianeni: ni ipi iliyo karibu zaidi na mti mliouona kwa macho yenu, na kwa nini?