Kabla ya Kutuma Jina Lako Kwenye Droo, Tupige Hesabu

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, siku ya mwisho ya semina yao)



Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Jana jioni baadhi yenu mlinifuata mkaniuliza: je, iko mbinu ya kushinda bahati nasibu? Nimeona ni heri nijibu mbele ya wote, maana swali hili limekwisha kugusa masanduku yetu.

Kikundi kimoja ninachokitembelea, chenye wanachama 30, kilichukua shilingi 150,000 kutoka mfuko wa jamii kikashiriki droo ya simu. Kila ujumbe uligharimu shilingi 1,000, kwa hiyo walituma mara 150. Hawakupata kitu. Wiki mbili baadaye mtoto wa mwanachama mmoja alilazwa, na mfuko ulipofunguliwa haukuwa hata na nauli ya kumfikisha mama yake hospitali. Siwasimulii haya ili tuwacheke. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu, niliwahi kutuma jumbe kama hizo mwezi mzima bila kumwambia mama watoto. Kwa hiyo naongea kama mwenzenu.

Hesabu ya kwanza ni kugawanya. Nafasi yako ya kushinda zawadi kuu ni idadi ya tiketi zako ukigawanya kwa tiketi zote. Mwandaaji hutangaza gari kwa maandishi makubwa, lakini idadi ya tiketi ni nadra kuitaja. Tuseme zilikuwa milioni mbili. Wenzetu walikuwa na 150, yaani nafasi moja katika 13,333.

Tuilete hesabu hii shambani. Punje 1,000 za mahindi zina uzito wa kama gramu 300, hivyo gunia la kilo 100 lina punje zipatazo 330,000. Milioni mbili ni magunia sita. Chukua punje 150, ambazo zinaenea kwenye kiganja kimoja, zipake rangi nyekundu, zichanganye ndani ya magunia yale sita, kisha mtoto aliyefungwa kitambaa machoni atoe punje moja tu. Hiyo ndiyo nafasi iliyonunuliwa kwa fedha za wagonjwa.

Mtu atasema, basi tungetuma mara 300. Ni kweli nafasi ingeongezeka maradufu. Lakini gharama nayo ingeongezeka maradufu, na magunia yangebaki yale yale sita.

Hesabu ya pili ni ya wastani. Tiketi milioni mbili kwa shilingi 1,000 ni shilingi bilioni mbili. Tuseme zawadi zote pamoja zina thamani ya bilioni moja. Maana yake, kwa wastani, kila shilingi 1,000 inarudisha 500. Zinazobaki zinalipa matangazo, kodi na faida ya mwandaaji. Hakuna mwandaaji anayeweza kutoa kuliko anachokusanya akaendelea na biashara. Ndiyo maana kucheza zaidi si dawa: kadiri unavyonunua tiketi nyingi, ndivyo unavyojisogeza karibu na ile hasara ya wastani.

Wapo wanaosema kwamba namba fulani haijatoka muda mrefu, kwa hiyo "imeiva". Namba haziivi. Ukirusha sarafu ikaanguka upande mmoja mara tano mfululizo, mara ya sita nafasi bado ni nusu kwa nusu. Sarafu haina kumbukumbu.

Mbinu ya kuchagua namba ipo moja yenye ukweli, nayo ni ndogo. Watu hufanana katika kuchagua. Wengine huandika tarehe za kuzaliwa, wengine hufuata mpangilio wa namba kwenye karatasi. Uingereza, tarehe 14 Januari 1995, watu 133 walipatia namba zote sita kwa pamoja. Zawadi ya zaidi ya pauni milioni 16 ikagawanywa, kila mmoja akapata kama pauni 122,500. Anayechagua namba zisizopendwa na wengi anapunguza watu wa kugawana nao endapo atashinda. Nafasi ya kushinda haiongezeki hata kidogo. Katika mchezo ule wa namba sita kati ya 49 ilikuwa moja katika 13,983,816.

Basi tufanye nini? Nawashauri haya:

1. Shiriki droo isiyokuongezea gharama. Kama sabuni unayonunua siku zote ina kuponi, ijaze na uitume. Usinunue katoni nzima kwa ajili ya kuponi.

2. Droo ndogo ina nafasi kubwa. Shule ikiuza tiketi 200 na zawadi ni mbuzi, tiketi mbili ni nafasi moja katika 100. Hata hivyo, ihesabu fedha hiyo kuwa mchango.

3. Uliza tiketi ni ngapi, droo ni lini na nani anasimamia. Hapa Tanzania michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya mwaka 2003.

4. Ukiambiwa umeshinda droo ambayo hukushiriki, au utume kwanza fedha ya kutolea zawadi, huyo ni mwizi. Kata simu.

5. Ukicheza, cheza kwa fedha yako, kiasi ambacho kikipotea watoto watakula. Usicheze kwa mkopo, na usiguse fedha ya kikundi. Hiyo si yako; ni ya yule atakayeugua kesho.

Namalizia na kile kikundi. Walikaa kikao kirefu, wakalaumiana, kisha kila mwanachama akatoa shilingi 5,000. Watu 30 mara 5,000 ni 150,000. Mfuko ukajaa siku ile ile, bila droo. Wakaongeza kifungu kwenye katiba yao kwamba fedha za sanduku hazitaingia mchezo wowote wa kubahatisha. Nawaomba mkirudi nyumbani mjadili kifungu kama hicho kabla hamjafungua sanduku tena.