Kuhamia Masoko: Shule Kwanza, Nyumba Baadaye

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu familia zinazohamia mjini na elimu ya watoto wao



Kilwa ni nchi ya watu waliohama. Mji ulistawi kwanza Kisiwani, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 ndiko alikoukuta. Katika karne ya 19 biashara ya misafara ikaipa nguvu Kivinje, na Wajerumani wakajenga boma lao huko. Baadaye makao ya wilaya yakawa Masoko, penye maji ya kina na ardhi ya kutanuka. Kila mji ulipohama, familia zilihama nao, zikibeba majamvi, vyungu na watoto.

Mwendo huo haujakoma. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, na mradi mkubwa wa namna hiyo huvuta watu wengi: mafundi, wavuvi, wachuuzi wa samaki, mama lishe, madereva na watumishi wa umma. Wapo watokao Mafia na Rufiji, wapo watokao Lindi mjini na Mtwara, na wapo watokao katika vijiji vya ndani vya wilaya hii hii. Baba huja kwa sababu ya kazi, mama huja kwa sababu ya familia. Mtoto peke yake ndiye asiyeulizwa, naye ndiye mwenye jambo kubwa la kupoteza. Mtu mzima akikosea mtaa, huvunja pango na kuhama tena. Mtoto akikosa mwaka wa masomo, mwaka huo haurudi. Na anayekaa nyumbani muda mrefu akingoja nafasi ya shule huweza kutoingia tena darasani.

Kwa kawaida familia hutafuta nyumba kwanza. Dalali huonyesha vyumba, bei hujadiliwa, kodi ya miezi sita hulipwa kwa mkupuo, kisha ndipo mzazi huuliza shule iko wapi. Mpango huo umepinduka. Kodi ikishalipwa, familia imefungwa mahali pale, na mtoto atalazimika kusoma shule yoyote iliyo karibu, hata ikiwa imejaa au iko mbali. Mzazi mwenye busara huanza na shule, kisha hutafuta chumba ndani ya umbali ambao mtoto anaweza kutembea.

Zipo sehemu tatu ambazo mgeni huzifikiria zaidi, na kila moja ina sura yake. Masoko ndipo penye ofisi za wilaya, soko na bandari. Anayefanya kazi hapo huokoa muda, lakini nyumba zilizo karibu na ofisi hugombewa. Kivinje ni mji wa kale, na karibu nao ipo Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga. Familia yenye mjamzito, mtoto mchanga au mgonjwa wa kudumu hupata faida kubwa kukaa upande huo. Nangurukuru ni njia panda, mahali ambapo barabara ya Masoko huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi. Biashara ndogo hupata wateja wa mabasi, lakini mtoto mdogo anayevuka barabara kuu asubuhi na jioni anahitaji mtu mzima wa kumshika mkono. Kutoka Nangurukuru hadi Masoko ni takriban kilomita 30. Hakuna mtoto wa kutembea umbali huo, kwa hiyo kuishi upande mmja na kusomesha upande mwingine ni uamuzi unaotaka hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ichukuliwe familia yenye watoto wawili iliyopata chumba cha mbali kwa kodi iliyopungua shilingi 20,000 kwa mwezi. Ikiwa kila mtoto atalipa bodaboda shilingi 1,000 kwenda na shilingi 1,000 kurudi, kwa siku 20 za masomo watoto hao wawili watatumia shilingi 80,000 kwa mwezi. Chumba kilichoonekana rahisi kimekuwa ghali kwa shilingi 60,000. Na nauli ikikosekana siku moja, si baba atakayebaki nyumbani, bali ni mtoto.

Baada ya umbali, yafuatie maji na ardhi. Karibu na bahari kisima huweza kutoa maji ya chumvi, na nyumba isiyo na maji karibu humgeuza binti kuwa mchota maji kabla ya kengele ya shule. Kwa hiyo mgeni aulize maji hutoka siku gani na huchotwa wapi, tena awaulize majirani wanaoishi hapo, si dalali peke yake. Mvua nayo iulizwe. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara kuu eneo la Somanga na safari kati ya Lindi na Dar es Salaam zikasimama. Mtaa unaopitika vizuri mwezi Septemba unaweza kuwa kisiwa mwezi Aprili. Anayenunua kiwanja badala ya kupanga afike kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri, ahakikishe kimepimwa na si mali ya mtu mwingine, na akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari.

Sasa lije jambo la shule yenyewe. Tangu Januari 2016 elimu ya umma kuanzia awali hadi kidato cha nne haitozwi ada, na tangu mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vimeingia katika utaratibu huo. Hata hivyo sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula ambao wazazi wamekubaliana hubaki mikononi mwa familia, na familia iliyomaliza akiba yake kwa kodi na nauli ya kuhama huweza kukwama hapo. Fedha ya mahitaji hayo itengwe kabla ya safari.

Mzazi afikapo katika shule anayoikusudia asitosheke kutazama rangi ya majengo. Aulize darasa la mtoto wake lina wanafunzi wangapi na walimu wangapi. Aulize kama watoto hupata uji au chakula cha mchana. Atazame vyoo, hasa vya wasichana, na kama vina maji. Aulize kama yupo mwalimu wa malezi, na kama shule ina uwezo wa kumpokea mtoto mwenye ulemavu ikiwa anaye. Mwalimu Mkuu hatachukizwa na maswali hayo. Mzazi anayeuliza kabla ya kuandikisha ndiye atakayehudhuria kikao baada ya kuandikisha.

Uhamisho una taratibu zake, na mtoto aliyekuja bila karatasi ni mzigo kwa kila mtu. Kabla ya kuondoka alikotoka, mzazi amwombe Mwalimu Mkuu barua ya uhamisho, rekodi za maendeleo ya mtoto na namba yake ya PReM, ambayo ndiyo utambulisho wa mwanafunzi wa shule ya msingi katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Nafasi ithibitishwe na shule ya kupokea kabla mizigo haijafungwa. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki visafiri mkononi mwa mama, visitumbukizwe ndani ya gunia la vyombo. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiye na cheti anaweza kusajiliwa bila malipo katika ofisi ya kata au kituo cha kutolea huduma za afya.

Wakati wa kuhama una uzito uleule. Mwaka wa masomo huanza Januari, kwa hiyo likizo ya Desemba ndiyo mlango mpana kuliko yote. Lakini Desemba kwa watu wa pwani hii ni pia wakati wa korosho na wa jando na unyago, na familia nyingi huwa bado shambani au katika shughuli za ndugu. Panapotokea hivyo, mzazi mmoja atangulie, aandikishe watoto, wengine wafuate; mahudhurio ya wiki za kwanza ndiyo yanayomjengea mtoto marafiki na nafasi ya kukaa. Mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa taifa, iwe darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili au kidato cha nne, ni vigumu kumhamisha katikati ya mwaka. Huyo ni heri abaki kwa shangazi au babu anayeaminika hadi amalize mtihani, huku mzazi akimtembelea na kumpigia simu mwalimu wake.

Yapo na mabadiliko ya mitaala ambayo familia inayohama haina budi kuyajua. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, na elimu ya msingi kwa kundi hilo ni ya miaka sita. Kwa mpangilio huo, aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 atamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao aliyekuwa darasa la nne atamaliza la saba. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Mzazi mwenye mtoto wa makundi hayo akitafuta mtaa wa kuishi leo, atazame na sekondari iliyo karibu, si shule ya msingi peke yake.

Na hapo kwenye sekondari ndipo penye jeraha linalostahili kusemwa waziwazi. Shule inapokuwa mbali na nyumbani, baadhi ya familia humpangia binti wa miaka 14 au 15 chumba karibu na shule, akae peke yake au na wenzake wawili. Nia ya mzazi ni njema, lakini binti huyo hana wa kumfungia mlango usiku, hana wa kumuuliza amekula nini, na mwenye fedha ya chipsi na nauli humjua mapema kuliko mwalimu. Familia ya Kisiwani au ya kijiji cha ndani iliyo katika hali hiyo itafute kwanza bweni. Likikosekana, itafute jamaa mwenye mke na watoto, apewe jukumu hilo mbele ya wazee. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaadhibu kwa kifungo cha miaka 30 mtu anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Mlango huo upo wazi, na mzazi asiufunge kwa aibu.

Yote haya yanawagusa wenyeji kama yanavyowagusa wageni. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, na watoto wa wageni ndio watakaosoma dawati moja na watoto wa wenyeji. Mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo huenda anachukua fedha ya sare na viatu. Akikubali miezi mitatu, hapotezi kitu, na mpangaji hupata nafasi ya kupumua. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji anayempokea mgeni katika daftari la wakazi amuulize pia kama ana watoto wa umri wa shule na wanasoma wapi. Jirani anayemwona mtoto akishinda kwenye diko au gengeni siku za masomo asinyamaze kwa kuwa si wa ukoo wake. Amfikishie habari mtendaji wa kijiji au wa kata. Kamati ya shule nayo itoe nafasi kwa mzazi mgeni kusema, kwani mara nyingi ndiye mwenye shida ambayo wengine wameizoea.

Familia inayokusudia kuhama ichukue siku mbili kabla ya kulipa kodi. Siku ya kwanza ifike shuleni na ofisi ya kata. Siku ya pili mzazi atoke alfajiri katika nyumba anayoitaka, atembee kwa mwendo wa mtoto hadi kwenye lango la shule, ahesabu dakika na kutazama kila kivuko, kila kichaka na kila mfereji. Njia hiyo ndiyo mtoto atakayoipita kila siku ya masomo. Ikimridhisha mzazi, ndipo amtafute mwenye nyumba.