Hesabu ya Maumivu: Juu ya Selimundu na Usalama wa Dawa Zake
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Migato)



Tumechagua jambo moja tu, nalo ni maumivu: namna yanavyotibiwa, na namna mtu awezavyo kujua kama dawa iliyotolewa imemfaa mgonjwa au imemdhuru. Labda wako watakaosema kwamba hilo ni shauri la waganga, nasi ni watu wa kalamu. Tutajaribu kuonyesha kwamba ni shauri la kalamu pia.

Tuchukue ugonjwa ulio karibu nasi. Katika nchi hii ya Usukuma, na katika mikoa inayolizunguka Ziwa Victoria, huzaliwa watoto wengi wenye selimundu. Mwaka 2020 ilichapishwa khabari ya uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, juu ya matone ya damu ya watoto wadogo zaidi ya 17,000 wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, na Simiyu ni mmoja wa mikoa hiyo. Ilionekana kwamba katika kila watoto 100, mmoja na zaidi kidogo alikuwa na ugonjwa wenyewe, na mtoto 1 katika kila 5 aliichukua mbegu yake bila kuugua.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupinda zikafanana na mundu. Zikiisha kupinda huziba mishipa midogo, na mfupa au kiungo kikikosa damu huuma kwa uchungu usioelezeka. Mtoto mchanga huvimba mikono na miguu. Mkubwa hushikwa mgongo, kifua na mapaja. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison alieleza, kwa kazi aliyoifanya katika Afrika Mashariki, kwamba mtu mwenye mbegu moja tu ya selimundu hukingwa na ukali wa malaria. Ndiyo sababu mbegu hiyo imeenea mahali penye mbu wengi kama kwetu. Lakini baba na mama wakiwa nayo wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Basi wale wanaomlaumu mama peke yake, au jirani kwa uchawi, wanamdhulumu mtu asiye na hatia.

Sasa tuje kwenye dawa. Maumivu yakiwa madogo, mgonjwa hupewa maji ya kutosha, hufunikwa asipate baridi, na hupewa parasetamoli. Dawa hii ni njema, illa ina mpaka: mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa kuwa ikizidi huharibu ini. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Tena yafaa kukumbuka kwamba vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake, na mtu aweza kumeza dawa ile ile mara mbili kwa majina mawili asitambue.

Ziko dawa nyingine zenye nguvu zaidi, kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu huzinunua madukani kama wanunuavyo chumvi. Hizo huweza kutoboa tumbo na kudhoofisha figo. Mwenye selimundu, ambaye figo zake hushambuliwa na ugonjwa wenyewe, anastahili kuzitumia kwa maagizo ya mganga na kwa siku chache tu. Na maumivu makali mno yataka mofini, chini ya ulinzi wa hospitali. Watu huiogopa wakisema kwamba itamfanya mgonjwa mtumwa wake. Hofu hiyo ina asili, maana mofini ikitumiwa ovyo hudhuru na hata hupunguza pumzi. Lakini ikipimwa vema na kuangaliwa, kumnyima mtoto anayelia kwa mifupa si busara, ni ukatili. Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo, wakaruhusu kwa sheria mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliofundishwa kazi hiyo waandike mofini ya maji kwa wagonjwa.

Hata hivyo, dawa hizo zote hutuliza maumivu yaliyokwisha kuja. Je, iko dawa ya kuyazuia yasije? Iko, na jina lake ni haidroksiyurea. Huifanya damu itoe kwa wingi himoglobini ya namna ile aliyo nayo mtoto tumboni mwa mama yake, ambayo haipindi. Mwaka 1995 ilitangazwa huko Marekani kwamba watu wazima 299 walijaribiwa, nusu wakapewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa, na waliopata dawa walishikwa na maumivu mara chache zaidi, karibu nusu ya wenzao. Mwaka 1998 serikali ya huko ikaidhinisha itumike.

Kwa nini basi mtoto wa Afrika aliendelea kungoja? Sababu mojawapo ilikuwa hofu, nayo haikuwa ya kipumbavu. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Wataalamu wakauliza: mtoto akaaye katikati ya malaria, mwenye chakula haba, je, dawa haitamfungulia mlango wa mauti? Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa maneno. Lilitaka hesabu.

Hesabu ya kwanza ilifanywa Mulago, Kampala, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2017. Watoto 208 waligawanywa kwa bahati nasibu, wala mganga wala mzazi hakujua nani amepewa dawa na nani hakupewa. Malaria haikuzidi kwa waliokunywa dawa. Na mashambulio ya selimundu, pamoja na kuongezewa damu, yaliwapata 45 katika kila 100 wa upande wa dawa, na 69 katika kila 100 wa upande wa pili.

Hesabu ya pili ilifanywa katika miji minne: Luanda, Kinshasa, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda. Watoto 606 walipewa dawa, baada ya kuangaliwa kwanza kwa miezi miwili bila dawa. Mwishoni mwa mwaka 2018 majibu yakatoka. Tukihesabu watoto 100 kwa mwaka mmoja, maumivu yalishuka kutoka mara 98 mpaka mara 45. Malaria ilishuka kutoka mara 47 mpaka 23. Na vifo vilishuka kutoka karibu 4 mpaka 1. Tuseme haki: hesabu hii haikuwa na kundi la kulinganisha kama ile ya Mulago, na watoto wale waliangaliwa kwa karibu, jambo ambalo lenyewe ni tiba. Lakini hesabu hizi mbili, zikitazamwa pamoja, zimeiondoa hofu ile ya zamani. Mwaka 2020 Mulago wakaonyesha tena kwamba dozi ikipandishwa polepole kwa kufuata vipimo vya damu, maumivu hupungua mpaka chini ya nusu ya yale ya watoto wenye dozi isiyobadilishwa, na madhara hayazidi.

Angalieni miaka hiyo, wenzetu: tangu 1995 mpaka 2018 ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka hiyo angekuwa mtu mzima, kama angeishi. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, wataalamu akiwamo Daktari Julie Makani walianza mwaka 2004 kuwaandika wagonjwa wa selimundu na kuwafuata mwaka kwa mwaka. Katika wagonjwa 1,725 waliotolewa khabari mwaka 2011, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walio chini ya miaka mitano. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu majina yaliandikwa. Wale waliokufa vijijini kabla ya kupimwa, nani aliwahesabu?

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila khabari. Nasi twasema kwamba na watu vivyo hivyo.

Twajua yatakayosemwa: kwamba Kampala na Kilifi si Migato, na kwamba haidroksiyurea haitolewi bila kupima damu mara kwa mara. Ni kweli kabisa. Mtu asiinunue kwa shauri la rafiki, wala mwanamke mwenye mimba asiitumie bila amri ya daktari. Lakini jambo hilo lisiwe sababu ya kukaa kimya. Lisiwe sababu ya kuacha kuhesabu, bali liwe sababu ya kudai vipimo.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu, kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake. Kwanza, karani wa zahanati aandike katika daftari lake jina la dawa ya maumivu, kipimo chake, na hali ya mgonjwa alipoondoka na alipofika tena. Na aagizapo dawa, aagize kwa hesabu ya wagonjwa wala si kwa kukisia, maana dawa ikikatika katikati maumivu hurudi. Pili, dawa ikimdhuru mtu, ijazwe ile fomu ya manjano. Tanzania iliingia mwaka 1993 katika mpango wa ulimwengu wa kuangalia madhara ya dawa, na leo kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Fomu isiyojazwa ni shahidi aliyenyamazishwa. Tatu, aliye mkuu wa ofisi au mwalimu asimwite mvivu mfanyakazi au mwanafunzi anayekosa kwa maumivu ya mifupa. Amwulize kwanza, ampeleke akapimwe. Na homa ikimpata mwenye selimundu, asingoje kesho.

Mabibi na Mabwana, maumivu hayaonekani kwa macho kama kidonda. Mgonjwa husema, nasi huamini au hatuamini. Lakini yakiandikwa siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, hata mwenye moyo mgumu huona kwamba yamezidi au yamepungua, na kwamba dawa hii imefaa na ile imedhuru. Kazi hiyo haitaki shahada kubwa. Yataka mkono mwaminifu, wino, na mtu asiyechoka kuuliza.

Twaomba maneno haya yajadiliwe na Kamati kabla ya mkutano ujao.