Masomo ya Nyumbani na Mashahidi Wake

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemlazimu kila mzazi nchini Kenya kumpeleka mwanawe skuli, na anayekaidi yamkabili faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Walakini wazazi wanaosomesha watoto wao majumbani wapo, na sheria hiyo, kwa kutowafungulia mlango, haikuwawekea pia utaratibu wa ukaguzi.

Hapa mtaani Kuze, Mombasa, elimu ya nyumbani si jambo geni. Tangu kale mtoto hukaa na ubao wake kwa mwalimu wa Kurani katika nyumba ya jirani, akitamka herufi mojamoja kwa sauti, na kila apitaye kichochoroni humsikia anapokosea. Na siku ya kukhitimu jamaa huhudhuria, naye akasoma mbele yao. Elimu hiyo ni ya ndani, lakini mashahidi wake wako nje. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza watu wa mji huu waiambatanishe na elimu ya dunia.

Lakini elimu hii ya dunia isomeshwapo nyumbani, mashahidi wa aina hiyo hawapo. Khofu yangu kubwa ni kwa binti aambiwaye kuwa asoma nyumbani, kumbe kauli hiyo ni stara tu ya kumwachisha masomo ashike kazi za jikoni. Kwa ajili yake, Wizara ya Elimu na iwaandikishe wazazi wasomeshao majumbani, iwape mtaala, na kila muhula afisa wake aketi na mtoto mwenyewe, amsikize akisoma na kuhesabu, kabla ya kumwita mzazi mahakamani.