Maji Kuonekana Safi Hakutoshi

Juzi hapa Mlolongo mzee mmoja aliniuliza, "Hizi bakteria mbona hatuzioni?" Mzee, ni ndogo mno, mpaka darubini. Na si zote mbaya. Maziwa lala ni kazi yao hao. Lakini ile ya kipindupindu, iliyofika Kenya mwaka 1971, haina mchezo.

Bakteria haingoji jike na dume. Hujigawa tu, moja ikawa mbili, nyingine kila dakika 20. Kwa saa 7, moja imepita milioni 2!

Sasa maji ya mkokoteni, hata yakiwa maangavu, yachemsheni mpaka yatokote. Ukimeza za kipindupindu zinazaana tumboni, na mtu aweza kuishiwa maji mwilini akafa siku hiyo hiyo. Akianza kuhara, mpeni maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, hata mkiwa njiani kwenda hospitali.