Cheo cha Kijana Kipimwe kwa Kazi

(Maelezo haya yalitolewa na mwandishi mbele ya viongozi wa vikundi vya vijana wa kata moja ya Dar es Salaam. Salamu za mwanzo zimefupishwa.)



Mliponiita kuja kuzungumza nanyi mlinieleza shida yenu bila kuificha. Kikundi chenu cha gwaride kina vijana wapatao 40. Mmekusudia kuwapa vyeo, tepe zimekwisha kushonwa, na siku orodha ya majina ilipobandikwa ukutani ugomvi ukazuka. Wazazi wamekuja juu. Vijana wawili wameacha kuhudhuria. Yupo binti aliyewafundisha wenzake kwata kwa mwaka mzima, na jina lake halimo. Na limo jina la kijana aliyejiunga juzi tu, ambaye baba yake ndiye aliyetoa kitambaa cha sare. Mkaniuliza, je, wenzetu wanafanyaje?

Kabla sijajibu, nina deni la kulipa. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa skauti. Siku moja shule ilitazamia mgeni wa heshima, na mwalimu wetu akataka mgeni huyo apate watoto wa kuwavisha beji. Mimi nilikuwa mrefu, na sare yangu ilikuwa mpya. Nikavishwa beji ya huduma ya kwanza, makofi yakapigwa, mama yangu akafurahi. Wiki chache baadaye mwenzetu alijikata mguu kwa panga tulipokuwa tukifyeka uwanja. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa beji ilikuwa kifuani pangu. Sikujua hata pa kushika. Aliyeufunga mguu ule ni mtoto mmoja mfupi, aliyekuwa ameachwa mstari wa nyuma siku ya mgeni kwa sababu kaptula yake ilikuwa na kiraka. Beji ile niliivua jioni ileile na sikuivaa tena. Basi hapa sisemi juu ya watu wengine tu.

Sasa nije kwenye mfano. Nimechagua chama kimoja cha Marekani kiitwacho Civil Air Patrol, yaani Doria ya Anga ya Raia. Najua wapo watakaoguna: kwa nini Marekani? Nimekichagua kwa sababu kanuni zake zimeandikwa wazi kuliko nyingi nilizopata kuzisoma, na kanuni iliyo wazi huweza kuchambuliwa na mtu yeyote, awe rafiki au mpinzani. Chama hicho kilianzishwa tarehe 1 Desemba, 1941, siku sita tu kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor. Mpango wake wa makadeti ulianza mwezi Oktoba, 1942. Mwaka 1948 sheria ikakifanya kuwa msaidizi wa Jeshi la Anga la nchi ile. Lakini kadeti wake si askari. Hajaandikishwa jeshini, hawajibiki kujiunga na jeshi akikua, na cheo chake hakimpi mamlaka yoyote juu ya mtu mzima au juu ya askari wa kweli. Mbele ya kila cheo chake huwekwa neno kadeti, pasiwe na mtu wa kudanganyika.

Kijana huingia akiwa na umri wa miaka 12 au zaidi, maadamu hajafikisha 19, na akipenda aweza kubaki kadeti mpaka afikishe 21. Siku anayoingia hana alama yoyote ya cheo. Mtoto wa jenerali na mtoto wa mfagizi huanza hivyo hivyo, mabega matupu. Mbele yao pana hatua 16, na kati ya hatua hizo, katika vituo maalumu, pana tuzo 5 kubwa.

Ili avuke hatua moja, kadeti hupimwa katika mambo manne: uongozi, elimu ya anga na ndege, afya ya viungo, na mwenendo. Hujifunza kitabu na kufanya mtihani. Hukimbia, hupiga pushapu, na nguvu zake huandikwa. Hushiriki mazungumzo juu ya maadili, mahali ambapo vijana hujadili mambo kama ukweli na uaminifu badala ya kuhutubiwa. Tena lazima awe anahudhuria na kufanya kazi za kikosi. Na hata akiwa na akili nyingi kiasi gani, hawezi kuruka: kati ya hatua moja na ifuatayo sharti zipite siku zisizopungua 56, yaani majuma 8.

Siku hizo 56 naomba tuzitazame kwa makini, maana kwa maoni yangu ndizo zinazoushikilia mpango mzima. Mtihani hupima kinachojulikana leo. Muda hupima kama mtu atakuwapo tena juma lijalo, mvua ikinyesha, rafiki zake wakiwa wamekwenda mpirani. Na muda haununuliki. Baba aweza kununua kitambaa cha sare, lakini hawezi kumnunulia mwanawe majuma 8 ya kuhudhuria.

Vyeo vyenyewe hupanda kama ifuatavyo. Hatua za kwanza humpa kijana vyeo vya askari wa kawaida wa anga. Akipata tuzo kubwa ya kwanza, iliyopewa jina la ndugu wawili Wright, waliorusha ndege ya injini mwaka 1903, huwa sajini na huanza kuongoza wengine. Hupanda ngazi za usajini mpaka tuzo ya pili, yenye jina la Billy Mitchell, ambayo humfanya kadeti luteni usu. Kuifikia hiyo lazima awe amehudhuria kambi kamili, na afanye mitihani inayokusanya mambo yote aliyojifunza nyuma. Baadaye huja tuzo ya Amelia Earhart, rubani mwanamke aliyepotea katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1937, nayo humfikisha ukapteni. Kisha ya Ira Eaker, ambayo ni ya luteni kanali. Na mwisho ya Carl Spaatz, ya ukanali. Hiyo ya mwisho haipati hata kadeti mmoja katika kila mia.

Hapa nitachepuka kidogo. Huyo Billy Mitchell ni nani? Alikuwa afisa wa jeshi aliyepiga kelele kwamba vita vijavyo vitaamuliwa na ndege, na kwamba wakubwa wake wamelala. Mwaka 1925 walimfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi kwa utovu wa nidhamu, wakamtia hatiani, na mwaka 1926 akajiuzulu. Leo tuzo inayomfanya kijana kuwa afisa wa kadeti ina jina la mtu huyo! Sisi nasi si wageni wa jambo hili. Bibi Titi Mohamed alihukumiwa kwa uhaini mwaka 1971, akaachiliwa mwaka 1972, na leo barabara kubwa katikati ya jiji hili ina jina lake. Nasema hivi kwa sababu mlikuwa mkitafuta majina ya kuzipa tuzo zenu. Tafuteni majina ambayo kijana akiuliza habari zake atapata jambo la kujifunza, hata kama jambo hilo ni gumu kulieleza. Wamarekani wana hatua moja yenye jina la Mary Feik, mwanamke aliyefundisha mafundi kutengeneza ndege za jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa jina hilo, mtoto hujua kwamba spana nayo ina heshima yake.

Ziko tofauti mbili ambazo orodha yenu ya ukutani imezichanganya. Ya kwanza ni baina ya cheo na kazi. Katika mpango ule, cheo ni kipimo cha kile ambacho kadeti amekwisha kujifunza, na hakuna anayeweza kumpa mwingine kama zawadi. Kazi, kama vile kuongoza kikundi kidogo au kuwa kamanda wa makadeti wote, hutolewa na mtu mzima anayekiongoza kikosi, kufuatana na mahitaji, na hubadilishwa. Ninyi mmewatafuta viongozi watano, mkawapa tepe ili wawe viongozi. Kwa hiyo yeyote asiye kiongozi ameonekana hakujifunza kitu, na ndiyo maana yule binti amelia.

Ya pili ni baina ya cheo na nishani. Cheo hupandwa kwa hatua. Nishani hutolewa kwa tendo. Kadeti akimwokoa mtu kwa kuhatarisha maisha yake mwenyewe aweza kupewa Nishani ya Fedha ya Ushujaa, hata kama cheo chake ni cha chini kabisa. Akijitolea saa 60 katika kazi za kuisaidia jamii nje ya kikosi, huvaa utepe wa kazi hizo. Hivyo basi, mzazi aliyetoa kitambaa mshukuruni kwa barua yenye muhuri, isomwe mbele ya watu. Anastahili. Lakini shukrani yake isishonwe kwenye bega la mwanawe.

Je, kiongozi hana sauti? Anayo, na kubwa. Mtihani pekee hautoshi; kamanda wa kikosi ndiye anayetia saini. Akiona kijana amefaulu kitabu lakini anawaonea wadogo, aweza kumzuia asipande. Ila kumzuia kimyakimya hairuhusiwi. Lazima amwite, amweleze amepungukiwa wapi, na ampe njia ya kurekebisha. Na kuwatesa wadogo kwa kisingizio cha kuwakomaza kumepigwa marufuku kabisa. Hapo nasi tujisahihishe, maana wengi wetu tuliopita kambini bado tunasimulia mateso yale kwa fahari.

Sitaki mdhani kwamba nimekuja kuwauzia kila kitu. Mpango ule una kasoro. Umeegemea sana mitihani ya kuandika, na mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye vitabu na gari la kumpeleka mkutanoni kila juma huwa ametangulia hata kabla kipenga hakijalia. Tena kadeti mwenye tuzo ya Mitchell akijiandikisha katika Jeshi la Anga huanzia ngazi ya tatu badala ya ya kwanza, na mshahara juu. Wapo wanaosifu jambo hilo. Mimi naona humfanya kijana wa miaka 15 aanze kuhesabu faida mapema mno.

Mnachoweza kufanya ni kidogo, na hakihitaji fedha. Nunueni daftari moja kubwa. Kila kijana apewe ukurasa wake: siku alizohudhuria, alichojifunza, nani alimpima, na saini za watu wawili, mmoja wao asiwe jamaa yake. Daftari likae mezani, kila kijana aweze kulifungua ukurasa wake na wa mwenzake. Ile orodha ya ukutani iondoeni leo, kabla hatujatoka humu ndani, na tepe zirudi sandukuni mpaka majuma 8 yapite.

Na yule binti mwandikeni ukurasa wa kwanza. Mwaka wake mzima hauna saini ya mtu, kwa hiyo naye ataanza bila tepe kama wengine wote, na itabidi mmoja wenu aende nyumbani kwao kumweleza hivyo uso kwa uso. Ndugu Mwenyekiti, naona ni vyema uende wewe.